Chmod 777 si dawa, na faili ya kufuli si takataka

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumze na wote wanaotunza seva ndogo za Linux jijini Nairobi: za vyama vya akiba, shule, zahanati, maduka ya jumla ya River Road na ofisi za mawakili zilizojibanza ghorofani. Faili ikikataa kufunguka, wengi hukimbilia mojawapo ya amri mbili. Ama wanaandika chmod -R 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote, ama wanafuta kwa rm faili yoyote yenye jina linaloishia na lock (kufuli). Kosa hutoweka papo hapo, fundi analipwa, anashika njia. Anachoacha nyuma ni kibaya kuliko alichokikuta.

Chanzo ni kuchanganya hali mbili. Kunyimwa ruhusa ni jambo moja, na kukuta faili imeshikwa na programu nyingine ni jambo lingine. La kwanza haliishi hata ukingoja hadi Krismasi. La pili mara nyingi huisha lenyewe kabla chai haijapoa. Mfumo wenyewe huyatenganisha, tena kwa namba. Mtu wa Ubuntu au Debian akiendesha apt install, amri ya kusakinisha programu, bila sudo inayompa mamlaka ya msimamizi, huambiwa:

E: Could not open lock file /var/lib/dpkg/lock-frontend - open (13: Permission denied)

Akiwa na sudo, lakini masasisho ya kiotomatiki yanaendelea kimyakimya, matoleo ya zamani ya apt humwambia:

E: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend - open (11: Resource temporarily unavailable)

Faili ni ile ile na herufi nyekundu ni zile zile. Kilichobadilika ni namba iliyo kwenye mabano, na ndiyo inayosema ugonjwa ni upi. 13 ni kunyimwa. 11, kwenye Linux, ni kuwahiwa. Kwenye FreeBSD na Mac hali hiyo hiyo ni 35. Ziko na nyingine za kukariri: 1, Operation not permitted, huja pale hata mwenye mali anapokatazwa tendo fulani; 30, Read-only file system, maana yake diski nzima imefungwa isiandikwe; na 26, Text file busy, hutokea ukijaribu kuandika juu ya programu inayokimbia. Hii ya mwisho dawa yake ni rahisi: nakili programu mpya kwa jina jingine ndani ya folda hiyo hiyo, kisha uihamishie juu ya jina la zamani kwa mv. Inayokimbia itaendelea na nakala ya zamani hadi uiwashe upya.

Tuanze na kunyimwa. Anayekuta Permission denied huangalia faili yenyewe kwa ls -l, anaona rw-rw-r-- (r ni kusoma, w ni kuandika), anabaki kukuna kichwa. Hajaangalia njia ya kuifikia. Ili ufike kwenye /srv/hesabu/2024/mishahara.ods unahitaji herufi x, yaani ruhusa ya kupita, kwenye kila folda, tangu mzizi wenyewe hadi 2024. Folda moja ikikunyima x, faili hata ikiwa wazi kwa ulimwengu mzima huifikii. Amri inayoonyesha njia yote kwa mkupuo ni namei:

namei -l /srv/hesabu/2024/mishahara.ods

drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root srv
drwxr-x--- root wahasibu hesabu
drwxrwxr-x mkuu wahasibu 2024
-rw-rw-r-- mkuu wahasibu mishahara.ods

Karani asiye kwenye kikundi cha wahasibu anagonga mwamba kwenye mstari wa tatu. Hata ukiipa mishahara.ods 777 mara kumi, hajasogea hatua. Kinachotakiwa ni kumwingiza karani kikundini, au kuamua kwamba hapaswi kuwamo na kumwambia hivyo.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huuliza maswali kwa mpangilio. Wewe ndiye mmiliki? Kama ndiye, inasoma herufi tatu za kwanza na kuishia hapo. Kama siye, uko kikundini? Inasoma tatu za kati na kuishia hapo. Tatu za mwisho ni za wasiokuwa kokote kule. Kwa hiyo faili yenye rw----r-- humnyima mwanakikundi ilhali mpita njia anasoma. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo, na mtu akifuta ruhusa za kikundi kwa pupa hujikuta hapo.

La pili linalowachanganya wengi ni kufuta. Kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili hiyo, kunategemea ruhusa za folda iliyomo. Ukiwa na w na x kwenye folda, unaweza kuifuta faili ya root, msimamizi mkuu, yenye 000, yaani isiyo na ruhusa yoyote. Ndiyo maana /tmp ina ruhusa 1777: ile 1 ya mbele, inayoonekana kama herufi t mwishoni, huzuia mtu kufuta cha mwenzake. Anayeifanya folda ya pamoja kuwa 777 bila hiyo 1 amempa kila mtu uwezo wa kufuta kazi ya kila mtu.

Kuhusu vikundi, amri ni usermod -aG wahasibu karani. Usisahau a. Ukiandika -G peke yake, karani anaingia kwenye wahasibu na kutolewa kwenye vikundi vyote vingine vya ziada alivyokuwamo, na ikiwa kimojawapo kilikuwa sudo, mashine imebaki bila msimamizi. Baada ya hapo, karani hujaribu na kunyimwa tena, kwa sababu vikundi husomwa wakati wa kuingia. Linganisha mambo mawili: id bila jina huonyesha vikundi vya kikao alichomo sasa, na id karani husoma orodha ya mfumo. Zikitofautiana, atoke na kuingia upya, na kama anafanyia kazi ndani ya tmux, inayodumisha vikao vya terminali, aifunge nayo. Ikiwa mtumiaji ni huduma, kama www-data wa seva ya wavuti, iwashe upya huduma.

Folda ya pamoja inayofanya kazi vizuri hudai vitu viwili. Cha kwanza ni chmod 2770 /srv/hesabu: ile 2 hufanya kila faili mpya irithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeiunda. Cha pili ni umask, inayoamua faili mpya inyimwe ruhusa zipi. Kwenye mifumo mingi ni 022, hivyo faili mpya huzaliwa na 644, yaani wenzako wanasoma tu, hawaandiki. Unaweza kumpa kila mtumiaji 002, lakini atasahaulika mmoja. Afadhali uiwekee folda urithi wake:

setfacl -R -m g:wahasibu:rwX /srv/hesabu
setfacl -R -d -m g:wahasibu:rwX /srv/hesabu

Amri ya kwanza ni ya vilivyopo, ya pili ni ya vitakavyozaliwa. X kubwa hutoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kuzigeuza lahajedwali kuwa programu. Hata hivyo, faili iliyoletwa kwa mv kutoka mahali pengine kwenye diski hiyo hiyo huja na kikundi chake na ruhusa zake za zamani, kwa kuwa haijazaliwa upya, imehamishwa tu. Iliyoletwa kwa cp hurithi. Malalamiko mengi ya “faili nyingine zinafunguka, hii moja haifunguki” huishia hapa.

Ukiona alama ya + mwishoni mwa ruhusa kwenye ls -l, zile herufi tisa hazikwambii yote. Soma getfacl, inayoonyesha ruhusa za ziada zilizowekwa kwa setfacl. Tazama hasa mstari wa mask: mtu anaweza kuwa ameandikiwa rw-, lakini mask ikiwa r--, anasoma tu, na getfacl itakuonyesha hilo pembeni kwa neno effective. Anayefanya chmod g-w kwenye faili ya aina hiyo huwa anabadilisha mask bila kujua.

Sasa, inakuwaje root mwenyewe akataliwe? Hapa ndipo chmod huwa haina kazi kabisa. Angalia lsattr, herufi i ikiwepo, faili imegandishwa kwa chattr +i na haibadiliki hadi chattr -i. Mtu aliiweka kwa sababu fulani, muulize kwanza. Kwenye Mac, kinachofanana na hicho huonekana kwa ls -lO na huondolewa kwa chflags nouchg. Angalia pia diski imepachikwaje kwa findmnt -T ikifuatwa na njia ya faili. Ikiwa ni ro, na jana ilikuwa rw, soma dmesg kabla ya kulazimisha. Seva ya ext4 iliyowekewa errors=remount-ro hujifunga yenyewe ikigundua hitilafu, na katika jiji ambalo stima hupotea bila taarifa, hitilafu hizo si ngeni. Kuirudisha rw bila kuikagua kwa fsck, ikiwa imebanduliwa, ni kumwagia petroli makaa. Ikiwa ni fleshi ya FAT au exFAT, chmod haishiki kwa kuwa mfumo huo hauna mahali pa kuandika mmiliki; ruhusa hutolewa wakati wa kupachika, kwa uid, gid na umask. Ikiwa ni folda ya NFS, yaani iliyo kwenye seva nyingine ya mtandao, root wa mashine yako hugeuzwa kuwa nobody kwenye seva, isipokuwa msimamizi ameamua vinginevyo.

Kwenye Fedora, Rocky na jamaa zao kuna SELinux, ulinzi wa ziada unaofuata lebo za faili. Ruhusa zote zinaweza kuwa sawa na bado seva ya wavuti ikanyimwa, kwa sababu faili ilihamishwa kwa mv kutoka nyumbani kwa mtu ikaja na lebo ya nyumbani. ls -Z itaonyesha lebo, ausearch -m avc -ts recent itaonyesha kukataliwa kwenyewe, na restorecon -Rv itairudishia lebo inayostahili. Kuizima SELinux ili tatizo liishe ni ndugu wa damu wa 777. Na huduma zinazoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, nazo zina ukuta wao: ProtectSystem=strict huifanya huduma ione diski nzima kama ya kusoma tu, hata kama wewe kwenye terminali unaandika bila taabu. systemctl cat ikifuatwa na jina la huduma itakufumbulia fumbo, na tiba ni ReadWritePaths kwa folda moja inayohitajika.

Wapo watakaosema 777 ni hatari kwa nadharia tu, ofisi yao ni ndogo. Basi tuseme inavyoharibu hata bila mwizi. Programu kadhaa hukagua ruhusa na kugoma zikiwa wazi mno. ssh hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. Unatakiwa 600, na folda ya .ssh 700. Upande wa pili, sshd hukataa hata authorized_keys ikiwa folda yako ya nyumbani inaandikwa na kikundi au na wengine, kwa hiyo aliyefanya chmod -R 777 /home amewafungia nje wote wanaoingia kwa ufunguo. MySQL hupuuza faili ya mipangilio inayoandikwa na kila mtu, ikatoa onyo na kuendelea kana kwamba faili haipo, nawe unashangaa mbona mabadiliko hayaonekani. PostgreSQL haiwaki kabisa folda ya data ikizidi 0700 au 0750. logrotate huruka folda ya logi iliyo wazi, logi zinavimba, diski inajaa. Anayeipiga kwenye mzizi wa mfumo huharibu sudo yenyewe, kwa sababu sudo haikubali sudoers inayoandikwa na kila mtu, na amri hiyo humvua programu ya sudo ile biti inayoipa mamlaka.

Halafu kuna sheria. Faili za mishahara na za wanachama zina namba za vitambulisho, PIN za KRA na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data hizo aweke kinga za kiufundi zinazofaa. Folda iliyo 777 haina kinga yoyote dhidi ya mtumiaji yeyote wa mashine hiyo, wala dhidi ya programu-jalizi mbovu ya tovuti inayokimbia kama www-data. Kwa tovuti za kawaida, folda 755, faili 644, na faili yenye nywila ya hifadhidata 640 au 600 zinatosha.

Kabla hujagusa ruhusa za folda kubwa, zihifadhi. Mfumo haukumbuki zilivyokuwa jana, na hakuna amri ya kutendua:

getfacl -R /srv/hesabu > /root/ruhusa-hesabu.txt

Mambo yakiharibika, nenda kwanza kwenye mzizi kwa cd /, kisha setfacl --restore=/root/ruhusa-hesabu.txt. Usiporudi kwenye mzizi haitazipata faili, kwa kuwa getfacl huondoa mkwaju wa mwanzo kwenye majina. Sekunde chache za kazi. Hatujui kwa nini hazifanywi.

Tuje kwenye kufuli, ambako uharibifu ni wa kimyakimya zaidi. Kufuli ziko za aina mbili na watu huziita kwa jina moja. Aina ya kwanza hushikiliwa na kerneli, kupitia flock au fcntl. Inaishi pamoja na mchakato, yaani programu inayokimbia, ulioiweka. Mchakato ukifa, hata kwa kill -9, kerneli huiachia papo hapo, isipokuwa ya flock ikiwa imerithiwa na mchakato mtoto, kama tutakavyoona. Kufuli hii haichakai wala haibaki nyuma stima ikipotea. Aina ya pili ni faili tu ambayo kuwepo kwake ndiko kufuli: index.lock ya git, ile .~lock.bajeti.ods# ya LibreOffice, faili za namba za mchakato zilizoandikwa na skripti za kienyeji. Hii hubaki mwenye nayo akifa ghafla. Kabla ya kufuta chochote, jua kilicho mbele yako ni cha aina gani.

/var/lib/dpkg/lock-frontend ni ya aina ya kwanza. Ipo siku zote, ina baiti sifuri, na kuwepo kwake hakumaanishi lolote. Tuangalie kinachotokea ukiifuta. Jina la faili ni kibao tu kinachoelekeza kwenye inodi, yaani rekodi ya faili yenyewe kwenye diski, na kufuli huwekwa kwenye inodi, si kwenye jina. Masasisho ya kiotomatiki yameshikilia kufuli kwenye inodi, tuseme, 5012. Unafuta jina. Inodi 5012 bado iko hai kwa kuwa mchakato ule umeifungua, na kufuli yake bado iko. Unaendesha apt, nayo haioni faili, inaunda mpya yenye jina lile lile na inodi 5040, inaifunga bila pingamizi. Sasa programu mbili zinaweza kugombea orodha ya vifurushi kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini iko peke yake. Kinga iliyobaki ni kufuli nyingine, /var/lib/dpkg/lock, ambayo dpkg yenyewe hushikilia inapoandika, na washauri wa mtandaoni nao wanakuagiza ufute zote mbili pamoja.

Njia ya haki ni kuuliza nani ameshika. Matoleo mapya ya apt hukutajia namba na jina la mchakato, mara nyingi unattended-upgr. Kwa faili yoyote nyingine:

sudo lslocks
sudo fuser -v /njia/ya/faili
sudo lsof /njia/ya/faili

Bila sudo, amri hizi zinaweza zisikuonyeshe michakato ya watumiaji wengine, ukadhani faili haina mtu. Kwenye lsof, safu ya FD ikiwa na W kubwa baada ya u, mfano 4uW, mchakato huo ameshikilia kufuli ya kuandika kwenye faili nzima. R ni ya kusoma. Halafu subiri. apt yenyewe inaweza kukusubiria: sudo apt-get -o DPkg::Lock::Timeout=300 install, ikifuatwa na kifurushi, hungoja hadi sekunde 300. Ikibidi kuua, kill ya kawaida kwanza, si -9, na baadaye sudo dpkg --configure -a ili kumalizia kilichoachwa nusu. Ukiona mchakato una D kwenye safu ya STAT ya ps, umekwama ukingoja diski au mtandao, na -9 kwa kawaida haitaugusa. Shughulikia diski au NFS. Na tafadhali, fuser -km ikipewa njia ya kupachika huua kila mchakato unaotumia diski hiyo, si ule mmoja unaoutaka.

Kwa aina ya pili, stima ikishapotea na kurudi, swali ni kama mwenye faili bado yuko hai. Faili ya namba ya mchakato ikiwa imeandikwa 812, usitosheke na kwamba 812 ipo. Baada ya mashine kuwaka upya, namba hiyo inaweza kuwa imepewa programu nyingine kabisa. ps -p 812 -o pid,lstart,cmd itakuambia ni nani na amezaliwa lini. Akiwa kijana kuliko faili, faili ni ya marehemu, ifute. Ndiyo sababu faili hizi zinapaswa kukaa /run, ambayo iko kwenye kumbukumbu ya muda na husafishika mashine ikizimika. Kwa git, hakikisha kwa pgrep -a git kwamba hakuna git nyingine inayofanya kazi, hata ile ya kihariri cha msimbo kilicho wazi dirishani. Ile ya LibreOffice ina jina la mtumiaji, mashine na saa ndani yake. Ifungue kwa cat, mpigie simu mwenyewe.

Anayeandika skripti za cron, zinazojiendesha kwa ratiba, aache kabisa kubuni kufuli zake kwa touch na test. Kati ya kukagua na kuunda kuna mwanya, na skripti mbili hupenya humo. Mstari mmoja unatosha:

*/5 * * * * flock -n -E 75 /run/lock/tuma-ripoti.lock /opt/ripoti/tuma.sh

-n hufanya iondoke mara moja ikikuta imeshikwa. -E 75 huipa kuondoka huko namba yake, ili usichanganye “nimekuta mwenzangu” na “kazi imeshindikana”. Ukitaka ingoje kidogo, -w 30. Usiifute faili ya kufuli mwishoni mwa skripti, kwa sababu ile ile ya inodi. Kuna mtego mmoja ambao umewapotezea watu nakala za akiba za wiki nzima: tuma.sh ikianzisha mchakato mtoto nyuma kwa alama ya &, mtoto huyo hurithi kufuli. Skripti inaisha, mtoto anaishi, na kila cron inayofuata hukuta kumeshikwa na kuondoka bila kelele. lslocks inaweza hata kukutajia namba ya mchakato uliokwisha kufa; anayeishikilia kweli utamwona kwa fuser -v. Tumia flock -o, ili amri inayoendeshwa isirithi kufuli hiyo.

Mtego mwingine huunganisha magonjwa yote mawili. Skripti yenye exec 9>/tmp/kazi.lock ikiendeshwa kwanza na karani, kisha na root, root hukataliwa kwa Permission denied. Root! Hiyo ni kinga ya kerneli iitwayo fs.protected_regular, iliyoingia Linux 4.19 mwaka 2018, inayozuia kufungua kwa nia ya kuunda faili ya mtu mwingine iliyomo kwenye folda ya wote kama /tmp. Usiizime. Iundie kazi hiyo folda yake, chini ya /run, yenye mmiliki wake.

Programu nyingi ndogo za duka na maktaba huhifadhi data kwenye SQLite, na “database is locked” ni wimbo wa kila siku. Kwa kawaida ni muamala mrefu wa kuandika ulioachwa wazi, kwa hiyo mtafute aliyeushika na uweke PRAGMA busy_timeout=5000 ili wengine wasubiri sekunde 5 badala ya kuanguka. PRAGMA journal_mode=WAL huwaruhusu wasomaji kuendelea wakati mmoja anaandika, lakini haifai faili ikiwa kwenye folda ya mtandao. Faili zinazoishia -wal na -journal si kufuli hata kidogo; humo mna data, na anayezifuta anafuta mauzo. Ujumbe ukiwa “attempt to write a readonly database”, hapo umerudi kwenye ruhusa, na mara nyingi tatizo ni folda: SQLite lazima iweze kuunda faili pembeni ya hifadhidata, siyo kuiandika hifadhidata peke yake.

Ofisi ambako kompyuta za Windows huandika kwenye seva ya Linux kupitia Samba, tumia smbstatus -L kuona nani amefungua nini. Ruhusa huko ni za tabaka mbili, za Samba na za diski, na kali ndiyo inayoshinda.

Jambo letu la mwisho ni ombi kwa wanaotafuta msaada. Picha ya nusu skrini iliyotumwa WhatsApp, yenye kidole juu ya namba ya kosa, haimsaidii fundi. Tuma ujumbe wote wa kosa ukiwa maandishi, pamoja na majibu ya id, namei -l, findmnt -T na sudo lsof kwa faili hiyo hiyo, ukisema ni mtumiaji gani aliyekataliwa. Na kama umeshapiga chmod tayari, sema uliipiga wapi.

Wasalaam,

Mafundi wa seva,
Nairobi